Mvua ya Paa Moja

Watu wa mtaa walimwita Povu, na yeye hakuchukia. Alikuwa dobi, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na vidole vilivyokunjamana kwa kukaa majini. Ukipita nyuma ya nyumba yake siku ya kufua ulilikuta povu limetapakaa kila mahali: kwenye makarai, kwenye viwiko vyake, siku nyingine hata sikioni. Mtu akimwambia, "Povu, una povu sikioni," alijipangusa lile sikio kavu na kuliacha lenye povu, maana mawazo yake hayakuwa hapo.

Mawazo yake yalikuwa na miguu. Mikono ilibaki ndani ya karai ikisugua kola za watu, kichwa kikaenda zake. Mumewe, dereva wa lori, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyelipwa kwa kusafiri lakini mkewe ndiye aliyefika mbali.

Na zaidi ya yote ilikuwa mvua. Mawingu yakijikusanya tu, Povu aliacha alichoshika, akavuta kigoda hadi mlango wa nyuma na kukaa. Nyumba za pale zilijengwa mbili mbili chini ya paa moja la bati, na paa lile liliinamia nyuma, kwenye mlizamu mrefu uliopita nyumba zote mbili na kuteremka upande wake. Basi mvua ya paa zima ilimwagikia uani kwake, na huko ilikuta imeandaliwa makaribisho: mapipa, ndoo, mabeseni, sufuria kuukuu zisizo na mishikio, na katikati yao, kama bibi harusi, bafu jeupe la kuogea ambalo mumewe alilileta kwenye lori siku moja kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Kila chombo kilikuwa na sauti yake. Pipa liliguna. Sufuria zilipiga kelele. Bafu lilianza kwa vishindo, kisha kadiri lilivyojaa likanong'ona, na Povu akiwa juu ya kigoda chake alielea na mnong'ono ule, macho wazi, asione kitu. Ukimwita mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili alisema "naam" na bado hakusikia.

Lakini hakukinga mvua kwa sababu ya ndoto peke yake. Maji ya bomba ya mtaa ule yalikuwa na chumvi. Sabuni ikiingia humo haishiki povu, inakatika kama maziwa yaliyoharibika, na nguo nyeupe inatoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Maji ya mvua ni laini. Kipande kidogo cha sabuni kinatosha. Mama yake, aliyefua nguo za wageni kwenye nyumba ya kulala, alimfundisha tangu akiwa binti kwamba nguo nzito ni ya bomba na nguo ya kuonea fahari ni ya mawinguni. Ndiyo maana watu walimletea Povu mapazia ya hoteli, mashuka ya wazazi wapya, magauni ya harusi. Walijua atachelewa. Walijua pia kwamba ikitoka kwake, imetoka.

Alikaa na mpwa wake, binti wa kaka yake, msichana mwepesi wa ulimi aliyefanya kazi kwenye duka la kutoa nakala. Binti huyo ndiye aliyekuwa akikumbuka kuzima jiko. Msimu wa mvua uliopita aliugua homa, akapona, akaugua tena, mpaka mashavu yakambonyea, na Povu alimkalia kitandani akimkanda kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya lile lile bafu.

Gari la matangazo lilipopita mtaani, Povu alikuwa akikamua mapazia. Alisikia "mvua" na "kila nyumba" na "mfuniko," akadhani wanauza miavuli. Kwa hiyo siku bibi afya alipobisha hodi, hakuwa na habari yoyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni nguo, ziweke hapo."

"Sijaleta nguo. Nimekuja kuangalia vyombo vya maji."

Alikuwa msichana mdogo kwa afisa, amevaa mabuti ya mpira na ameshika tochi ingawa jua lilikuwa linawaka. Alizunguka ua mzima. Aliinama kwenye ndoo. Aliinama kwenye pipa. Alipofika kwenye bafu akawasha tochi na kumulika ndani.

"Mama, njoo uone."

"Naona maji."

"Ndani ya maji."

Povu aliinama. Vidude vidogo vyeusi vilikuwa vikijinyonganyonga, vinapanda, vinashuka, kama vinacheza ngoma isiyosikika. Alikuwa akiviona miaka yote. Siku nyingine aliacha kufua akavitazama, na aliwahi hata kufikiri kwamba ni vizuri.

"Hivyo ni viluwiluwi," bibi afya akasema. "Mbu hao. Bado watoto tu."

Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Povu aligeuka akamtazama, akayatazama mashavu yaliyokuwa yameanza kujaa tena. Uso ukamshuka.

"Ina maana," alisema polepole, "ni mimi niliyekuwa nikiwafuga?"

Bibi afya alizima tochi. "Mbu wanatoka kila mahali, mama. Lakini hapa umewapa hoteli."

"Na vitanda," mpwa akasema kutoka mlangoni. "Na bafu." Kisha akaona uso wa shangazi yake, akaja kumshika bega. "Natania, shangazi. Mbona mimi ni mzima?"

Walikaa wote watatu kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na bibi afya akazieleza sheria mpya za mji. Alizieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kutukanwa kwenye nyumba nyingine asubuhi ile. Kukinga mvua hakujakatazwa, watu wanatangaza vibaya. Ila chombo kiwe na mfuniko, na kila tundu liwe na wavu wa waya. Maji yaingie kwa bomba kutoka kwenye mlizamu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe iende zake, kwa sababu inaosha paa. Maji yakizidi yaelekezwe mtaroni, yasiende kwa jirani. Ya kunywa yachemshwe.

"Na kuna moja zaidi," akasema, akainua macho kulitazama bati. "Paa likiwa la nyumba mbili, mvua ni ya nyumba mbili. Lazima mkubaliane, mniambie mimi wote wawili: tangi linakaa wapi, nani analisafisha. Msipokubaliana, mlizamu unakatwa katikati, kila mtu na nusu yake. Hapo jirani ni nani?"

"Fundi saa."

"Mnaelewana?"

Povu aliokota kipande cha sabuni chini, akakipangusa mchanga. "Hatugombani," alisema.

Na kweli hawakugombana. Zamani walikuwa wakisalimiana juu ya ukuta wa ua, yeye akianika nguo, fundi saa akipiga mswaki. "Umeamkaje, fundi?" "Salama, mama, za kwako?" Kisha fundi akaanza kujibu leo na kuacha kesho. Kisha akaacha kabisa. Povu alimsalimu asubuhi moja, akarudia, akarudia tena kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja, na yule bwana akamalizia mswaki wake, akasukutua, akaingia ndani. Povu alibaki na shuka mkononi, roho imemwuma. Akaamua kwamba ni ule unyevu uliopanda kwenye ukuta wa fundi kwa sababu ya maji yake, amekasirika na hasemi. Basi naye akampa kisogo. Miaka ikapita hivyo, paa moja, ukuta mmoja, hakuna salamu.

Bibi afya alipoondoka, Povu alivimwaga vyombo vyote. Hakusubiri. Alimwaga hata vile vilivyokuwa safi, kisha akalisukuma bafu, yeye na mpwa wake, mpaka likalala kifudifudi kama mnyama aliyechoka. Maji yalienda mtaroni kwa muda mrefu. Jioni ile ua ulikuwa mkubwa na mkavu, na Povu alipokaa kwenye kigoda chake hakuwa na mahali pa kupeleka macho.

Shida ni kwamba ndani, kwenye kamba juu ya kitanda chake, lilining'inia gauni la harusi. Mama mmoja fundi cherehani, wa mtaa wa pili, alikuwa anamwoza bintiye, na binti alitaka kuvaa gauni la mama yake. Lasi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa miaka ya kukaa sandukuni. Povu alikuwa ameahidi kulirudisha likiwa jeupe. Sasa aliligusa kila alipopita, na lasi ikamkwaruza kidogo kwenye vidole, na akawaza juu ya maji ya bomba, akaondoa mkono. Hata usingizini aliliota gauni lile likielea kwenye ziwa lililotulia, bila mtu ndani yake, mikono imetanda, linakwenda taratibu bila kuzama.

Mawingu ya kwanza yalianza kuonekana, mepesi, ya kupita tu.

"Shangazi," mpwa akasema asubuhi, akifunga viatu, "nenda kaongee na fundi saa."

"Hanisemeshi."

"Basi msemeshe wewe."

"Nilimsemesha mpaka sauti ikanikauka."

"Mimi nikirudi kazini jioni nikakuta hujaenda, naenda mimi, na unajua mdomo wangu."

Povu aliujua mdomo wake. Alivua aproni, akajipangusa masikio, safari hii yote mawili, akapiga moyo konde.

Alibisha hodi mlangoni kwa fundi saa. Kimya. Alibisha tena. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, na ndani alisikia kama kundi la wadudu linatafuna majani. Akausukuma.

Chumba kizima kilikuwa saa. Saa za ukutani, saa za mezani, saa za mkononi zimepangwa kwenye kitambaa cheusi, zingine tumbo wazi. Zote zilikuwa zikigonga, kila moja na mwendo wake, na kwa dakika nzima Povu alisahau kilichomleta. Ilikuwa kama mvua. Ilikuwa kama mvua ndogo kabisa inayonyesha chumbani, isiyolowesha kitu. Fundi saa alikuwa amekaa dirishani, mgongo kwa mlango, lenzi jichoni. Hapo hapo saa kubwa ya ukutani iliyokuwa karibu na kichwa chake ikagonga saa kamili, kwa kishindo cha kumrusha mtu, na Povu akaruka.

Fundi saa hakutikisika hata unywele.

Povu alisimama pale akimtazama. Alisema, "Fundi." Alisema kwa nguvu zaidi. Kisha akavuka chumba, akiwa ameshika kifua, akamgusa begani.

Yule bwana aligeuka, lenzi ikaanguka. Alipomwona ni nani, alisimama, akatafuta kiti cha kumpa, akakuta vyote vina saa, akaondoa saa kwenye kimoja na kuziweka kwenye kingine.

"Mama! Karibu, karibu. Umebisha muda mrefu?" Alisema kwa sauti ya juu mno kwa chumba kile. "Njoo upande huu. Upande huu bado kidogo unapata. Ule mwingine umeshafunga duka."

Povu alikaa. Maneno aliyoyaandaa njiani, njia ya hatua chache tu, yalimpotea yote. Alimsogelea kwenye sikio lililobaki.

"Kwani husikii, fundi?"

"Ndiyo hivyo. Ilianza taratibu. Saa nazirekebisha kwa kidole sasa." Akachukua saa moja ndogo, akaiweka kwenye ncha ya kidole cha shahada, akafumba macho. "Hii inachechemea. Unaona? Ah, huoni. Ila inachechemea." Akaiweka chini. "Nilidhani umenikasirikia. Uliacha kunisalimu."

Povu alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho kwa kiganja. "Nilikusalimu mpaka mtaa wa pili wakaitika," alisema. Fundi saa alisoma midomo yake, akaelewa.

Akamweleza habari ya sheria. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaruka, lakini fundi saa alikuwa mtu mvumilivu. Alipofika kwenye mvua ya nyumba mbili, fundi akainua nyusi.

"Kwa hiyo nusu ya maji uliyofulia miaka yote hii ni yangu?"

"Inaonekana."

"Basi nusu ya nguo nyeupe za mji huu nimezifua mimi." Alicheka peke yake kwa muda. Kisha akawa na uso mwingine. "Nikuulize. Vile vyombo vyako. Nilipohamia hapa, mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amefariki. Nilikuwa silali. Ila mvua ikinyesha, vile vyombo vyako vikaanza, nililala kama mtoto. Halafu msimu mmoja vikanyamaza. Nikasema, mama wa watu ameviondoa, labda amepata bomba zuri. Nilisikitika, lakini ningekuja kukuambia nini?"

"Sikuviondoa," Povu alisema. "Vilikuwepo."

"Vilikuwepo?"

"Vyote. Hadi juzi."

Fundi saa alitikisa kichwa polepole, akatazama dirishani, kule ambako ua wake na wa Povu ulitenganishwa na ukuta mmoja mfupi. "Basi ni mimi niliyeondoka," alisema.

Tangi walilipata kwenye ile hoteli iliyomletea mapazia, ambayo ilikuwa ikibadilisha lake. Fundi bomba alibomoa kipande cha ukuta wa ua, tangi likakaa pale pale mpakani, nusu ya tumbo kwake na nusu kwa jirani, koki mbili. Wavu wa waya ukafungwa kila tundu. Bibi afya alikuja kushuhudia makubaliano kama sheria inavyotaka.

"Nani msimamizi wa tangi?" akauliza.

"Huyu," alisema Povu.

"Huyu," alisema fundi saa wakati ule ule, naye hakuwa amesikia.

Bibi afya aliwatazama mmoja mmoja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi nyote," akasema.

Mtaani walianza maneno, si unajua watu. Walisema Povu amepata saa ya kumwamsha. Povu alisikia nusu yake, na nusu aliyosikia haikumsumbua.

Mvua ilikuja mchana. Kwanza upepo, kisha harufu ya vumbi, kisha tone moja kubwa juu ya bati, na Povu akatoka mbio na sabuni mkononi. Mpwa wake, ambaye siku hiyo hakuwa na kazi, alikuwa ameshashika mpira wa kumwaga maji ya kwanza, ameuelekeza mtaroni.

"Usiyaache yaende yote!" Povu akasema, moyo ukimwuma.

"Yaangalie kwanza, shangazi."

Aliyaangalia. Yalitoka meusi kama chai iliyokolea, na manyoya ya ndege, na majani yaliyooza, na kitu ambacho hakutaka kukijua.

"Hayo ndiyo nilikuwa nafulia?"

"Hayo ndiyo ulikuwa unayasifia."

Yalipotakata, mpwa aliuhamishia mpira kwenye tangi. Sauti ikaanza ndani, nzito, ya mbali, kama mtu anahamisha samani kwenye nyumba nyingine. Povu alisubiri sauti zingine. Hazikuja. Ilikuwa moja tu, na maji hayakuonekana, yalikuwa yamefungiwa gizani huko ndani, na kwa kitambo alijiona kama amepoteza kitu ambacho asingeweza kumweleza mtu.

Fundi saa alikuwa amesimama upande wake, mvua inamteremka shingoni, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye tangi. Alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umetulia, kinywa kimeachama kidogo.

"Maji yamefika hapa," alisema, akashusha kiganja kimoja kuonyesha. "Hapa chini ni baridi, limenyamaza. Hapa juu bado linatetemeka. Weka mkono, mama."

Povu aliweka mkono. Mwanzoni alisikia bati tu, baridi na majimaji. Kisha mtetemo ukamwingia kiganjani, ukapanda kwenye kiwiko, laini, usiokatika, na polepole ule mstari kati ya baridi na mtetemo ukapanda, ukapita chini ya vidole vyake kama mtu anapita chini ya shuka. Mawazo yake yakainuka yakaenda. Alisahau sabuni, alisahau kichwa chake kilicholowa. Mpwa aliwaita wote wawili waingie ndani. Mmoja hakusikia, na mwingine alisema "naam."

Gauni lilifuliwa mvua ilipokatika. Povu alililoweka, akalitoa, akalibadilishia maji, akalirudisha, hakuharakisha, na lasi ikaiacha ile rangi ya chai taratibu mpaka maji yakabaki safi. Fundi cherehani alipokuja kulichukua alilikuta limeanikwa kivulini, akalishika upindo akasahau kuuliza chochote. Binti yake alilivaa. Msimu ule ukaisha na mpwa hakulala kitandani hata siku moja kwa homa.

Sikio la fundi saa la upande wa pili nalo lilifunga duka, baada ya muda. Hakulalamika sana. Wateja walimwandikia, au walimwonyesha. Na mvua ikiwa inakuja, Povu alipita kwenye lile pengo la ukuta, akaingia kwenye chumba cha saa, akamgusa begani. Fundi aliweka lenzi chini, wakatoka na viti viwili hadi mlango wa nyuma.

"Ikoje leo?" aliuliza siku moja, macho kwenye bati, akiona matone bila kuyasikia.

Povu akauchukua mkono wa yule bwana, akaulaza juu ya goti lake, akaanza kumgongea juu ya kiganja kwa vidole vyake vilivyokunjamana: kwanza kimoja kimoja, kwa kupumzika, kisha viwili, kisha vyote, upesi upesi, jinsi ilivyokuwa ikinyesha.

"Ah," fundi saa akasema. "Ni kubwa."

Povu akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kugonga.